Redio Mpya Ambayo Baba Hakuinunua

Katika ukoo wetu kuna habari inayosimuliwa kila tunapokutana, iwe msibani au harusini: kwamba mwanzoni mwa mwaka 1988, wakati hata sukari ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, baba yetu alinunua redio mpya. Ndugu zangu huisimulia kwa fahari na wajukuu wameipokea hivyo hivyo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na umri wa miaka 14, na kazi yangu ilikuwa kupepea makaa ya fundi. Hakuna redio mpya iliyonunuliwa. Mashine ilikuwa ile ile tuliyokua nayo. Kilichobadilishwa ni matundu yake ya nyuma.

Sisemi hivi ili kumpunguzia marehemu sifa. Kununua kila mtu anaweza akiwa na pesa. Walichofanya Baba na fundi wake kilitaka akili zaidi, na kwa kuwa fundi naye ametangulia mbele ya haki, nimebaki peke yangu wa kueleza kilifanyikaje.

Nyumbani kwetu ni Osukuru, kusini mwa mji wa Tororo. Ukisimama uwanjani unaliona Jabali la Tororo, na vilima vya Sukulu viko karibu, vile vyenye fosfeti. Kiwanda cha mbolea kilichojengwa kwa ajili ya fosfeti hiyo kilikuwa kimeshasimama nilipopata akili ya kujua mambo, lakini nyumba za wafanyakazi zilibaki, na nguzo za umeme pia. Umeme ulitoka Jinja, kwenye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, na nyaya kubwa zilizoupeleka hadi Nairobi zilipita Tororo. Kwa hiyo sisi watoto wa kijijini tulikuwa na bahati ya kuwasha taa, siku ambazo umeme uliamua kuja.

Mashariki kuna Malaba, kusini kuna Busia, na kote huko, upande wa Uganda na upande wa Kenya, wapo Iteso wenzetu. Shangazi yangu aliolewa upande wa Kenya, mahali ambapo kwa miguu hufiki mbali kabla hujaiona Busia. Mpaka kwetu haukuwa jambo la kigeni. Ulikuwa njia ya kwenda kumsalimia shangazi.

Mashine yenyewe, amplifaya ya Baba, ilitoka kwa mhandisi mmoja mgeni aliyefanya kazi kiwandani, akaiuza alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Ilikuwa na boksi la mbao, uso wa alumini na vitufe vilivyozunguka kwa ulaini, lakini nembo yake ilikuwa imeng'oka kabla haijatufikia, kwa hiyo hatukujua aliyeitengeneza. Tulijua tu ni ya Ulaya. Fundi alipoigeuza kwa mara ya kwanza, alitazama nyuma, hakutazama mbele, akasema, "Hii ni ya DIN."

Nieleze hapo, maana kisa chote kinakaa hapo. Viwanda vya Ulaya kama Philips na Grundig vilifuata kanuni ya Kijerumani ya DIN. Tundu moja la mviringo lina pini tano zilizopangwa nusu duara. Pini ya pili, iliyo katikati, ni ya ardhi. Ya tatu na ya tano huingiza sauti, kushoto na kulia. Ya kwanza na ya nne huitoa kwenda kurekodiwa. Plagi moja inabeba safari zote nne. Wajapani wao walipendelea plagi za RCA, zilizobuniwa Marekani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya kuunganisha gramafoni na redio: kila safari na waya wake, kila waya na plagi yake, nyekundu kwa kulia na nyeupe kwa kushoto.

Katika miaka ya 1960 hilo halikumsumbua mtu wa Tororo, kwa sababu vitu vingi vya sauti vilitoka Ulaya, na aliyekuwa na santuri alicheza santuri. Kufikia miaka ya 1980 mambo yalikuwa yamegeuka. Maduka mengi yaliyouza vitu hivyo mjini yalikuwa ya Wahindi, ambao Idi Amin aliwafukuza mwaka 1972. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vitu vilivyotufikia baada ya hapo vilipitia Mombasa na Nairobi, vingine vikaingia kwa magendo usiku, na vingi vilikuwa vya Kijapani. Santuri zikawa za wazee. Muziki ulikuwa kwenye kanda: Franco na TPOK Jazz, Super Mazembe, Les Mangelepa, Afrigo.

Katikati ya mwaka 1987 Shangazi akatuletea deki ya kanda, ya Kijapani, iliyotumika lakini safi, imefungwa ndani ya blanketi juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli ya boda boda. Baba akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaona matundu manne ya RCA. Akaigeuza amplifaya, akaona mviringo wa pini tano. Akakaa chini.

Alichofanya kwanza ni kile ambacho kila mwenye haraka angefanya. Alikata waya, akazichuna, akazichomeka ndani ya matundu ya DIN na kuzikaza kwa njiti za kiberiti. Muziki ukatoka, kweli, lakini ukikanyaga sakafu kwa nguvu upande mmoja unanyamaza. Na alipojaribu kurekodi santuri zake za zamani kwenye kanda, sauti ilikuwa mbali, na mvumo ukawa mbele ya waimbaji.

Ndipo akaitwa fundi. Mjini Tororo tulimwita Fundi Reli, kwa sababu ujuzi wake aliupata kwenye simu na ishara za reli, enzi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Shirika lilipogawanywa alirudi kwao Padhola na kuanza kutengeneza redio barazani. Alikuwa mtu wa maneno machache na tai. Ndiyo, alivaa tai akitengeneza redio, ncha yake ameiingiza ndani ya shati isiungue. Baba alisema Kiteso na yeye Dhopadhola, kwa hiyo walielewana kwa Kiswahili.

Akasikiliza kanda ile yenye mvumo, kisha akasema, "Mzee, hapa tatizo si plagi peke yake. Naweza kukutengenezea waya wenye plagi ya DIN huku na RCA huku, ukaingia vizuri kabisa. Lakini utarekodi mvua tu."

"Kwa nini?"

"Hawa wa Ulaya na wale wa Japani hawapimi sauti kwa kipimo kimoja."

Akafungua kifuniko na kutuonyesha. Nyuma ya pini ya kwanza na ya nne zilisimama rizista mbili ndogo zenye mistari ya rangi: njano, zambarau, njano. Hizo ni ohm 470,000. Mashine ya kurekodia ya Ulaya ilitarajia kupokea sauti iliyominywa hivyo, nayo ikaikuza yenyewe. Deki ya Kijapani inatarajia sauti kamili. Ukiiunganisha na tundu la DIN, inapata kama sehemu moja ya kumi ya inachohitaji. Mtu anaongeza sauti kwenye deki ili kufidia, na mvumo unapanda pamoja nayo.

"Dawa yake?" Baba akauliza.

"Kutoboa. Tunaweka matundu ya Kijapani nyuma, na hizi tunazipa mbadala wake. Njano, zambarau, nyekundu." Mstari wa tatu ukiwa mwekundu, rizista ni ya ohm 4,700, ndogo mara mia.

Mama, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, akainua kichwa. "Baba watoto, mtatoboa kitu kizima?" Hoja yake ilikuwa na uzito. Mwezi wa Mei mwaka ule serikali ilikuwa imebadilisha noti, ikafuta sufuri mbili kwenye shilingi na kukata asilimia 30 ya kila kilichobadilishwa. Mtu aliyeshuhudia akiba yake ikipungua namna hiyo hapendi kuona keekee ikielekezwa kwenye mali iliyobaki. Lakini Baba alikuwa ameshaamua. Walikubaliana fundi alipwe debe la mtama na jogoo, maana naye hakuwa na hamu ya kuhesabiwa noti.

Matundu ya RCA, soketi za skrubu za spika, rizista na waya mnene, vyote viliagizwa Nairobi. Binamu yetu aliyekuwa akifanya kazi huko alikwenda Luthuli Avenue akavinunua kimoja kimoja na kuvituma kwa basi hadi kwa Shangazi. Nia ya Baba ilikuwa Krismasi. Alitaka watu waje kunywa pombe ya ajono uwanjani kwetu, mtungi katikati na mirija mirefu pande zote, kama desturi yetu, na muziki utoke barazani.

Katikati ya Desemba 1987 majeshi ya Uganda na Kenya yakarushiana risasi Busia. Mpaka ukafungwa. Vijana wa njia za panya walijitolea kuvuka kwa ujira mdogo, lakini Shangazi akakataa katakata. Alituma neno kwamba hatampa mtoto wa mtu mzigo wa kufia kwa ajili ya redio. Mzigo ukalala kwake umefungwa kwenye leso. Krismasi ikapita kwa njiti za kiberiti. Kabla mwaka haujaisha Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba, mambo yakatulia, na Januari Shangazi akavuka mwenyewe na leso yake.

Fundi Reli alikuja asubuhi siku isiyo na umeme. Haikumtia wasiwasi, kwa sababu chuma chake cha kulehemu kilikuwa cha aina ya zamani: kipande cha shaba kwenye mpini wa mbao, kinachopashwa moto kwenye jiko. Alikuwa na viwili. Kimoja kikifanya kazi, kingine kiko kwenye makaa, na mimi napepea. Akikitoa hukifuta kwa kitambaa kibichi, hukigusisha kwenye kipande cha utomvu wa msonobari, moshi mtamu unapanda, halafu lehemu inatiririka na kung'aa. Isipong'aa alirudia. Lehemu iliyofifia, alisema, inashika kwa nje tu na ndani kuna utupu.

Alianza na ubao wa nyuma. Aliutoa wote nje ya boksi kabla ya kutoboa, ili chembe za chuma zisiangukie ndani. Alitia alama kwa msumari, akatoboa kwa keekee, akalainisha kingo kwa tupa. Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Badala ya kuyafunga matundu mapya moja kwa moja kwenye chuma, alichukua kifuniko cha plastiki cha mkebe wa mafuta ya kupikia, akakikata kwa mkasi vipete vidogo, na kila tundu akalivisha vipete viwili, ndani na nje, lisiguse ubao.

"Kwa nini, Fundi?" nikauliza.

"Bwana mdogo, gamba la nje la RCA ndilo waya wa ardhi. Likigusa chuma hapa, na ardhi nyingine iko kule, umeme unapata njia mbili za kurudi. Utasikia uuuu mchana kutwa." Akakusanya ardhi za matundu yote na kuzipeleka mahali pamoja, pale ilipokuwa imefungwa pini ya pili ya DIN. Hapo tu.

Upande wa spika, plagi za zamani zilikuwa za DIN pia, zenye ulimi bapa na pini moja, nazo zilikubali waya mwembamba tu. Waya mwembamba ukirefushwa hadi barazani, sehemu ya nguvu inaishia kupasha waya joto kabla ya kufika kwenye spika. Akaweka soketi za skrubu, nyekundu na nyeusi, akavuta waya mnene. Kila ncha aliisokota na kuilehemu, usibaki uzi unaojitokeza, kwa sababu uzi mmoja wa shaba ukigusa nyekundu na nyeusi kwa pamoja unatosha kuua transista zinazosukuma spika, na transista hizo, kwa siku zile, ungezifuata Nairobi.

Spika zenyewe hazikuwa na alama ya upande upi ni upi. Akachukua betri moja ya tochi, akagusisha waya zake kwa sekunde moja. Spika ikalia "tap" na koni ikasogea mbele. Akageuza betri, koni ikarudi nyuma. Waya uliokuwa upande wa chanya koni iliposogea mbele akaufunga fundo, akafanya vivyo hivyo kwa spika ya pili, kisha mafundo yote mawili akayapeleka kwenye nyekundu. Miaka yote kabla ya hapo, bila sisi kujua, spika moja ilikuwa ikisukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi ilikuwa ikifia katikati ya chumba.

Umeme ulirudi usiku. Baba alitia kanda ya Les Mangelepa. Sitaki kutia chumvi: sauti haikuwa kubwa kuliko zamani. Lakini gitaa la besi lilikuwepo, na hilo hatukuwahi kulisikia. Mama alisimama mlangoni na ungo wake na hakurudi jikoni. Ukikanyaga sakafu, hakuna kinachonyamaza.

Hapo ndipo habari ya redio mpya ilipozaliwa. Majirani walisikia kwa masikio yao, na hawakuona nyuma ya boksi. Hata mjumbe wa RC, maana wakati huo ndiyo kwanza tulikuwa na Mabaraza ya Upinzani vijijini, alikuja kutuamkia na katika mazungumzo akauliza kwa upole redio hiyo imepita mpaka gani. Baba akamgeuzia boksi, akamwonyesha boksi lile lile na kifuniko cha mafuta kilichokatwa. Mjumbe akacheka, akavuta mrija, akabaki hadi kanda ilipokwisha. Hata hivyo aliondoka akisema Baba ana redio mpya.

Miaka iliyofuata nyumba yetu ikawa mahali pa kurekodia. Watu walileta santuri zilizokaa chini ya vitanda tangu utawala wa kwanza wa Rais Obote, Baba akazihamishia kwenye kanda, na kanda zikasafiri hadi Mbale, Busia na Bungoma. Franco alipofariki Ubelgiji Oktoba 1989, watu walikuja bila kualikwa, kila mmoja na kanda yake ya nyimbo za marehemu, na tulikesha.

Kuna jambo moja nililiacha kwa makusudi. Fundi Reli alipomaliza kazi, matundu ya DIN yote yalikuwa hayana kazi tena, na Baba alimwomba ayang'oe, ubao uwe safi. Fundi aling'oa yote isipokuwa moja, na nyuma ya lile moja aliziacha rizista zake za zamani, njano, zambarau, njano. Baba akauliza sababu. "Mzee," akajibu, "wenye plagi za zamani bado wapo."

Miaka kadhaa baadaye, katikati ya miaka ya 1990, alikuja katekista mmoja na mashine ya kurekodia ya Kijerumani aliyoachiwa na padre, ile ya mkanda unaozunguka kwenye magurudumu mawili. Alitaka nyimbo za kwaya yake, zilizokuwa kwenye kanda yetu, zihamie kwake. Alikuwa ameshazunguka mjini na kila aliyemfuata alimwambia plagi yake imepitwa na wakati. Baba alichomeka mviringo wake wa pini tano kwenye tundu lile, na rekodi ikatoka safi mara ya kwanza, kwa kiwango kile kile ambacho Mjerumani aliyeitengeneza alikikusudia.

Leo nafanya kazi ya uwakala wa forodha Malaba. Makontena ya chaja na waya yanapita mezani kwangu, na nimeona plagi za simu zikibadilika mara nyingi kuliko serikali. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilitoa simu isiyo na tundu la spika za masikioni, wengi wakaiga, na vijana wa Osukuru waliokuwa na spika nzuri za waya wakaambiwa wanunue nyingine au wanunue kipande cha kuunganishia. Sina ugomvi na kipya. Baba mwenyewe alitoboa amplifaya yake ili kipya kiingie. Lakini fundi wa reli, kwa mshahara wa debe la mtama na jogoo, alijua kwamba tundu likizibwa kuna mtu fulani mahali fulani anayebaki na plagi mkononi, na akaona haimgharimu chochote kumwachia nafasi.